Kwa nini mabomu hayakumaliza nyambizi za Hitler

Ndugu, umeuliza kwa nini Uingereza na Marekani hazikuvunja tu viwanda vya kuunda nyambizi za Wajerumani. Walijaribu, tena sana. Mkutano wa viongozi wa Uingereza na Marekani huko Casablanca, Januari 1943, uliviweka viwanda hivyo juu kabisa kwenye orodha ya shabaha, na miji ya Ujerumani yenye viwanda hivyo, Wilhelmshaven, Vegesack na Kiel, ikapigwa. Nyambizi ziliendelea kutoka. Zile za Lorient na Saint-Nazaire, bandari za Ufaransa zilizotekwa na Wajerumani, zililala chini ya dari za zege zenye unene wa mita kadhaa: miji ikateketea, zenyewe hazikuguswa. Waliolipa ni raia wa Ufaransa, na hilo linaniuma hadi leo.

Pigo la akili lilikuja baadaye. Nyambizi mpya za aina ya XXI ziliundwa vipande vipande huko bara, na vipande vikubwa vikapelekwa kwa mifereji kuunganishwa Hamburg, Bremen na Danzig. Basi Septemba 1944 Waingereza wakapasua kwa mabomu kingo za mmoja wa mifereji hiyo, wa Dortmund-Ems. Maji yakamwagika, matishari yakakwama kwenye tope. Kwangu mimi, kuikata njia kulikuwa na maana kuliko kukipiga kiwanda chenyewe.