Waraka ni nusu ya kuonana: maswali yenu kuhusu walio misheni

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba mume wangu alishakaa Darfur na kikosi cha kulinda amani, basi toka hapo simu haijapumzika, meseji zimekuja toka Newala, Lindi mjini, Nachingwea na hapa hapa Mtwara, na karibu zote zinauliza jambo moja, mtu wangu yuko misheni ya kulinda amani, namtumiaje mzigo na nikishika kalamu naandika nini. Safu ya mwezi huu yote naitoa kwa hilo. Majina hatuweki, wengi mmeomba hivyo na mko sahihi.

Habari za kazi mama mwenzangu. Binti yangu ni askari, kapelekwa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Nataka kumtumia korosho, ng'onda wale samaki wakavu, ming'oko yetu ya kuchimba porini, mafuta ya nazi ya nywele, na kuna dawa ya mizizi ya tumbo aliyozoea toka mdogo. Naanzia wapi? (Mama, Newala)

Nzuri mama mwenzangu, na hongera ya kulea askari.

Anza na binti mwenyewe kabla hujaenda sokoni. Akipiga simu muulize vitu viwili, anwani ambayo kikosi chao wameambiwa waitumie, na kitu gani hasa anakitaka. Anwani haikisiwi. Watu wanasikia yuko Bangui, wanaandika jina na Bangui wanapeleka posta, mzigo unaenda kukaa mahali ambapo hakuna anayemjua. Kambi ya misheni haina mtaa wala namba ya nyumba, kinachoufikisha mzigo ni namba yake ya jeshi, cheo, majina yake yote na jina la kikosi, viandikwe vile vile alivyokupa yeye. Kama simu yake haishiki, ulizia kwenye kikosi alichotokea hapa nyumbani kama kuna watu wanaokwenda kupokea wenzao na kama wanabeba vya familia, na mwisho kilo ngapi. Sisi wengi tulituma hivyo, kwa mkono wa anayekwenda, na hapo adabu ni kutuma kidogo, maana yule naye ana begi lake na mama yake.

Sasa vitu. Korosho tuma, tena kwa wingi kuliko vingine vyote, kwetu huku hakuna kitu kinachosema nyumbani kama hicho. Zibanguliwe, zikaangwe, halafu ziache zipoe kabisa, hata usiku mzima, manake ukizifunga za moto zinatoa jasho ndani ya mfuko zinalainika na baadae zinachacha. Gawa robo robo kwenye mifuko ya zipu, kamua hewa, ndio hata akitaka kumpa mwenzake paketi moja anatoa bila kufungua zote. Ghafi zenye maganda hapana hata kama ni za mkorosho wa mlangoni kwenu, yale mafuta ya ganda mtu wa Newala humwelezi yanavyounguza vidole, na mbegu ghafi mipakani zinazuiwa kirahisi kwa ajili ya wadudu na magonjwa ya mimea. Kashata za ufuta nazo zinavumilia joto vizuri, chokoleti haivumilii.

Ng'onda najua roho inakuuma ila iache. Harufu yake sisi tunaipenda, lakini itakaa wiki kadhaa kwenye boksi moja na nguo zake, na anayekagua mizigo hatakuwa mtu wa Mikindani. Ming'oko ya kuchemsha siku ya pili tu ishaharibika, hiyo mwandikie kwenye barua kwamba mmeipika mkamtaja.

Mafuta ya nazi nakuomba usitume, na nasema kwa uchungu. Mwaka 2013 nilimtumia mume wangu chupa moja, nikazungusha selotepu mara tatu kwenye kifuniko nikaona nimemaliza, joto la njiani likayafanya maji matupu yakapenya, barua yangu ya kurasa nne ikafika imelowa haisomeki hata salamu. Chupa ya mafuta angepata kwingine, ile barua hakuna duka linaiuza. Kama lazima iwe kitu cha kupaka basi mgando wa kopo dogo, ndani ya mifuko miwili, mbali na karatasi.

Dawa ya mizizi nayo hapana. Unga usiokuwa na lebo ukikutwa kwenye mzigo unamletea mtoto maswali yeye, sio wewe, na kambini kuna daktari. Ukipitia posta ujue pia pawabenki, kiberiti, laita, marashi na makopo ya kupuliza hayapiti kwa sababu ya ndege, na noti usiweke ndani ya bahasha. Ile fomu ya forodha usiandike "zawadi" ukaishia hapo, andika korosho za kukaanga nusu kilo, soksi jozi 3, kanga doti 1, na thamani yake kwa ukweli.

Na hiyo kanga ndio uitumie kufungia vitu badala ya magazeti. Inazuia visigongane njiani, ikifika anajifunga. Chagua jina vizuri tu, atalisoma kila siku.

Mama shikamoo. Mchumba wangu yuko nje na jeshi. Nikianza barua naandika nimekumiss, mistari mitano nimeishiwa. Na siku hizi si kuna WhatsApp, barua ya nini? (Dada wa Chuno, Mtwara)

Marahaba mwanangu.

WhatsApp tumia, usiache, mkipata mtandao ongeeni. Ila bando linaisha na simu inaishiwa chaji, na kuna siku wako mahali simu zinakusanywa au mnara haupo kabisa, na hapo ndipo karatasi inafanya kazi yake. Tarehe 13 Julai 2013 huko Darfur askari wetu saba waliuawa kwenye shambulio, wengine wakajeruhiwa. Mimi nilisikia redioni nikiwa nachambua mchele. Mume wangu sikumpata hewani mpaka kesho yake jioni, na hizo saa sitaki kuzieleza hapa. Aliporudi nyumbani mwaka uliofuata nikafua nguo zake, nikakuta kwenye mfuko wa shati karatasi imekunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo, ni barua yangu, na sio ile niliyojitahidi kuandika ya mapenzi, ni ile niliyoiandika haraka haraka jikoni nikimwambia paa la banda limevuja upande wa mashariki, fundi katajia bei ya ajabu nimekataa, mtoto kang'oka jino la kwanza kalitupa juu ya bati, na jirani kaanza kufuga bata wanaotumaliza kwa kelele. Akaniambia ile wiki ya shambulio aliisoma kila usiku. Sababu yake ni kwamba wakati anasoma alikuwa hayupo kule, yupo uani kwake anafikiria bati.

Kwahiyo mwanangu andika ya uani. Sisi tulifundishwa shule mimi mzima wa afya hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu, ni maneno mazuri na yaanze hayo hayo kama unayapenda, lakini yakiisha mpeleke matembezini. Mwambie mnada wa korosho umefunguka kwa bei gani, nani kaoa, barabara ya kwenu wameichimba tena, leo Shangani samaki hakuna bahari imechafuka, umekula nini mchana. Usiogope kwamba ni mambo madogo. Yeye makubwa anayo ya kumtosha huko.

Weka namba juu ya kila barua, 1, 2, 3, na tarehe, kwa sababu zinafika zimepishana na atakuwa anasoma fundi karudi kabla hajajua aliondoka. Peni ya kawaida sio ya wino wa maji, na barua ikae ndani ya nailoni. Picha print kabisa, usimtumie za kwenye simu peke yake.

Usimuulize wako wapi, wako wangapi, wanatoka lini. Akikuambia tarehe ya kurudi kaa nayo, usiiweke stetasi. Najua furaha inataka kutoka, hata mimi ilinitoka nikaambia watu wawili na mume wangu akanisema kwa haki kabisa. Na ugomvi wa wifi usubiri, hawezi kuusuluhisha toka huko, atabaki nao tu lindoni.

Ukikaa muda bila jibu usihesabu siku. Andika inayofuata.

Mama, mume wangu yuko Lebanon. Mama yake kapata kiharusi yuko hospitali. Familia wanasema nisimwambie mpaka arudi ili asichanganyikiwe. Nampangia mzigo, nimwandikieje barua huku namficha? (Mke, Lindi mjini)

Pole sana mwanangu, Mungu ampe nafuu mama mkwe.

Usimfiche. Najua wakubwa wamesema na sikufundishi kuwadharau, ila kaa nao chini uwaambie hivi, mgonjwa akiwa na hali hiyo mtaa mzima unajua, na kwenye mtaa mzima kuna kijana mmoja mwenye namba ya mumeo. Atamwandikia "pole kaka na mama" akidhani mumeo anajua. Hapo mumeo atakuwa kapata habari mbaya mbili, mama anaumwa na mke kanidanganya. Ya pili ndio itamkaa.

Ila isiwe kwa barua, barua ya hivyo ikichukua wiki tatu njiani anasoma hali iliyokwisha badilika. Mpigie, usikie sauti yake yuko wapi na kama yuko peke yake, Lebanon kipindi cha joto saa zao ni sawa na zetu na wakati wa baridi wako nyuma saa moja, kwahiyo jioni yake unaijua. Mpe lililopo, daktari kasema nini, nani analala hospitali, hela ya dawa imetoka wapi. Mtu aliye mbali anataabishwa zaidi na asichokijua. Na hali ikizidi nenda kikosini kwake hapa nyumbani uwaarifu rasmi, wao ndio wana njia ya kumfikia mkuu wake, na ruhusa kama ipo inaanzia huko, haianzii kwenye simu yake.

Mzigo tuma kama ulivyopanga. Kama mama anaweza kuongea hata kidogo mrekodi sauti akimtaja jina mwanawe. Kama hawezi, shika mkono wake uuweke kwenye karatasi uuchore kwa peni, umtumie huo mchoro.

Mjomba wangu alikulia Marekani na yuko jeshi la kule, kapelekwa nchi nyingine. Naweza kumtumia kitu toka Mtwara? (Kijana, Magomeni)

Unaweza. Wao wana anwani zao za posta ya jeshi, utaona APO au FPO na herufi mbili kama AE ya upande wa Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika au AP ya Pasifiki. Atakupa yeye, nakili kama ilivyo, chini malizia USA, na jina la nchi aliyopo usiliandike kabisa, ukiliandika mzigo unaweza kuingia posta ya kiraia ya nchi hiyo ukapotea. Pombe acha, na nyama yoyote acha.

Mwalimu wa msingi hapa Nachingwea. Wanafunzi wangu wa darasa la sita wanataka kuwaandikia askari walioko nje, hawamjui hata mmoja. Tuandike "kwa askari yeyote" tupeleke posta? (Mwalimu, Nachingwea)

Mwalimu umenifurahisha kuliko wote, na pale Nachingwea ndio penyewe hasa, wapiganaji wa FRELIMO walifundishwa hapo kwenye kambi ya Farm 17 wakati wa kuikomboa Msumbiji, na askari wetu waliokufa kwenye vita hiyo wamelala Naliendele hapa Mtwara. Watoto wako wanakanyaga ardhi yenye habari, waanzie hapo.

Ila "askari yeyote" usiandike. Marekani walikuwa na utaratibu huo wa kupokea barua zisizo na jina la anayeandikiwa, mwaka 2001 baada ya watu kutumiwa barua zenye vimelea vya kimeta wakausimamisha. Uingereza nao waliomba raia wasitume vifurushi kwa askari wasiowajua, kwa sababu vilijaa mpaka vya familia zenyewe vikachelewa. Hilo la pili ndilo linalonigusa mimi, kwamba boksi la mtu asiyejulikana linaweza kukalia nafasi ya boksi la mke wa mtu.

Fanya hivi. Mwalimu mkuu aandike barua ya shule kwenda kambi ya jeshi iliyo karibu nanyi, aeleze barua ziko ngapi, za watoto wa umri gani, aulize kama watazipokea na kuzipeleka. Mkikubaliwa zote ziende kwenye bahasha moja kubwa bila kufungwa gundi, wao watataka kuzisoma kwanza na wana haki. Mtoto aandike jina lake la kwanza na darasa, basi, sio jina la baba wala namba ya simu wala picha yake. Wakataze swali la umeua watu wangapi, maana mtoto mmoja atauliza hakika. Wengine waache waandike wanavyoongea, makosa ya herufi usisahihishe yote, wachore mkorosho, wachore timu yao ya mpira.

Kama mnataka siku, 25 Julai ni Mashujaa na 1 Septemba ni siku ya JWTZ, jeshi letu, lilianzishwa 1964. Ukiipania Septemba basi barua ziwe mezani kwa mkuu wa kambi Juni. Na uwaambie watoto mapema kwamba jibu linaweza lisije, waelewe wanaandika ili mtu asome.