Maswali ya Wasomaji: Kisukari, Bustani, Keki na Namba za Asubuhi

Barua nyingi za mara hii zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: hii namba kwenye mashine ya kupima sukari ya damu imetoka wapi? Tumechagua saba. Vipimo vyote tumeviandika kwa mmol/L. Kama mashine yako inasoma mg/dL, zidisha kwa 18. Pale penye kubadili dozi, uamuzi ni wako na daktari wako, kwa sababu sisi hatujaliona daftari lako la vipimo.

SWALI: Nina kisukari cha aina ya pili. Natumia insulini ya usiku na vidonge vya glimepiridi. Kila Jumamosi nalima bustani yangu kwa muda wa saa tatu hivi. Mchana kutwa sukari iko vizuri, 6 au 7. Ila usiku naamka nimelowa jasho, moyo unakwenda mbio, nikipima nakuta 3.1. Mbona haishuki ninapolima, inasubiri nilale?

JIBU: Misuli huweka akiba yake ya sukari. Unapochimba na kubeba ndoo za maji, akiba hiyo inaliwa. Ukishapumzika, misuli huanza kuijaza upya kwa kuvuta sukari kutoka kwenye damu, na wakati huo mwili unaitikia insulini kwa wepesi zaidi kuliko kawaida. Hali hii yaweza kudumu saa 24 baada ya kazi. Usiku huli, insulini inafanya kazi, glimepiridi inaihimiza kongosho itoe nyingine, na usingizi unakuficha dalili za mwanzo. Vyote hivyo vimekutana kitandani.

Wengi hawaandiki bustani kwenye daftari kwa kuwa hawaihesabu kama mazoezi. Iandike: ulianza saa ngapi, ulimaliza saa ngapi, kazi ilikuwa nzito kiasi gani.

Siku ya kulima, pima kabla ya kushika jembe. Ukiwa chini ya 5, kula kwanza gramu 15 hadi 30 za wanga; slesi moja ya mkate ina kama 15. Pima tena kila baada ya nusu saa hadi saa moja. Sukari ya dharura iwe mfukoni, si ndani ya nyumba, maana ikishuka sana hata hatua ishirini ni safari. Kabla ya kulala pima tena: ukiwa chini ya 7 siku hiyo, kula kitu kinachomeng'enywa polepole, kwa mfano slesi ya mkate na yai. Jumamosi mbili tatu za kwanza tega saa ikuamshe saa nane usiku upime.

Ukikuta 3.1, tia vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au kunywa mililita 150 za juisi au soda yenye sukari ya kweli. Subiri dakika 15, pima. Ikiwa bado chini ya 3.9, rudia. Chokoleti haifai hapa: mafuta yake huchelewesha sukari kufika kwenye damu. Kosa la pili, ambalo tunalielewa kwa sababu hofu ile ni kali, ni kula kila kilichomo jikoni bila kusubiri zile dakika 15; asubuhi unaamka na 15. Na waambie watu wa nyumbani: wakikukuta huna fahamu wasikutie kitu mdomoni, waite msaada wa dharura mara moja.

Sasa jambo lililotutia wasiwasi kwenye barua yako. Insulini pamoja na glimepiridi ni dawa mbili zinazoweza kushusha sukari kupita kiasi, na kwako imeshatokea zaidi ya mara moja. Usingoje tarehe ya kliniki. Wasiliana na daktari wiki hii, umwonyeshe namba za usiku. Huenda dozi za siku ya bustani zikahitaji kupunguzwa.

Wanaotumia metformini (kidonge kingine cha kisukari) peke yake wasiingiwe na woga kwa kusoma haya. Kwao sukari hushuka hivyo kwa nadra, na kula "kwa kujikinga" kabla ya kulima kutawapandisha bure.

SWALI: Nalala nikiwa na 6.8, sili chochote usiku, naamka na 9.4. Mke wangu anadhani nakula kwa siri.

JIBU: Huli kwa siri. Ni ini lako. Kuanzia kama saa tisa usiku hadi saa mbili asubuhi, mwili hutoa homoni za kuuandaa kuamka, kotisoli ikiwa mojawapo, nazo huliambia ini limwage sukari kwenye damu. Asiye na kisukari huongeza insulini papo hapo na hakuna kinachoonekana. Kwako nyongeza hiyo haitoshi.

Hakikisha kwanza. Kwa siku tatu pima kabla ya kulala, saa tisa usiku, na ukiamka. Ikiwa saa tisa iko sawa kisha inapanda, ndiyo hiyo. Ikiwa saa tisa tayari iko juu, angalia chakula cha usiku: chenye mafuta mengi hupandisha sukari kwa kuchelewa, hata saa kadhaa baada ya kula. Ikiwa saa tisa iko chini ya 3.9, tatizo ni jingine kabisa, na hapo anayeongeza insulini ya usiku kwa kuitazama namba ya asubuhi tu anajitafutia hatari. Kipimo cha saa tisa kinakera, lakini ndicho kinachotenganisha mambo haya matatu. Mpelekee daktari namba zote tisa, na mke wako mwonyeshe pia.

SWALI: Kuoka keki ndiyo burudani yangu tangu ujana. Nimeacha sukari, natumia asali, lakini baada ya kipande kimoja napanda hadi 13. Niache kuoka?

JIBU: Usiache. Ila asali haikukuokoa, mama, kwa kuwa asali nayo ni sukari: kijiko kikubwa kimoja kina kama gramu 17 za wanga. Tena hata ukiiondoa yote, unga umebaki. Gramu 100 za unga wa ngano zina karibu gramu 75 za wanga, nao tumboni huwa sukari.

Chukua mizani ya jikoni na kalamu. Tuseme keki ina unga gramu 250, hiyo ni wanga gramu 190 hivi. Sukari gramu 200 ni 200 kamili. Maziwa mililita 200 ni kama 10. Mayai na siagi ni kama hakuna. Jumla 400. Ukikata vipande kumi, kila kimoja kina gramu 40, karibu sawa na slesi tatu za mkate. Hapo 13 haishangazi.

Punguza sukari hadi gramu 120, ukate vipande kumi na sita badala ya kumi. Jumla imekuwa 320, kipande ni gramu 20. Umepunguza kwa nusu bila kununua kitu chochote cha pekee. Ukibadilisha sehemu ya unga kwa lozi zilizosagwa, inashuka zaidi.

Kuondoa sukari yote ndiko kunakoharibu keki. Sukari haileti utamu tu: hushika unyevu, husaidia siagi kubeba hewa unapoikoroga, na huipa keki rangi ya kahawia. Ukipunguza theluthi, wengi hawatambui. Ukivuka nusu, keki inatoka kavu, fupi na nyeupe. Ukitaka kuongeza utamu kwa vitamu mbadala, sukralosi na stivia huvumilia joto la oveni. Aspatamu hupoteza utamu wake. Tahadhari na sobitoli na maltitoli, ambavyo vikizidi hujaza tumbo gesi na kuharisha. Hivyo viwili vimo kwenye biskuti nyingi zinazouzwa kama "hazina sukari", ambazo pia zimejaa unga. Kwenye pakiti soma mstari wa jumla ya wanga, si maandishi makubwa ya mbele.

Kipande chako kile baada ya mlo wenye mboga na protini, si tumbo tupu saa kumi jioni. Pima saa mbili baada ya kuanza kula. Kwa watu wazima wengi wasio wajawazito, lengo ni kuwa chini ya 10.

SWALI: Napiga gitaa. Kuchoma vidole kila siku kunaniumiza nikibonyeza nyuzi.

JIBU: Uache mkono wa kushoto kabisa, kama ndio unaobonyeza. Mkono wa kulia, kidole kidogo hakitumiki sana kudonoa nyuzi, kwa hiyo anza nacho, ukipokezana na cha pete. Choma ubavuni mwa ncha, si katikati: katikati ndipo penye neva nyingi za kuhisi. Weka kifaa cha kutobolea kwenye kina kidogo kabisa kinachotoa damu, na badilisha kisindano kila unapopima, maana kilichotumika huwa butu. Damu ikigoma, nawa kwa maji ya uvuguvugu, ning'iniza mkono, kamua taratibu kuanzia kiganjani. Kuminya ncha kwa nguvu kunaacha maumivu ya siku nzima.

SWALI: Nimepima mara mbili ndani ya dakika moja: 8.1, kisha 9.0. Mashine mbovu?

JIBU: Hapana, hizo ni namba moja. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi kinaruhusu tofauti ya hadi asilimia 15 na kipimo cha maabara. Shituka ukiona 8 na 14. Hapo tazama mikono kwanza: ukimenya chungwa kisha ukapima bila kunawa, mashine inasoma sukari ya chungwa. Sabuni na maji ndiyo dawa, kisha kausha vizuri, kwa sababu unyevu huzimua tone la damu. Halafu tazama tarehe ya stripu, yaani vile vijikaratasi vya kupokelea damu, na kama kopo lao lilikaa wazi au juani.

SWALI: Mume wangu amegundulika na kisukari. Nimpikie chungu chake?

JIBU: Chungu kimoja kinatosha, na tunaona ni bora hivyo: anayepikiwa peke yake huchoka haraka. Kibadilike ni sahani. Tumia yenye upana wa sentimita 23 hivi. Nusu iwe mboga zisizo za wanga, robo samaki, nyama, yai au mfano wake, robo wali, viazi au mkate. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina kama gramu 45 za wanga, kwa hiyo pima kwa kikombe wiki ya kwanza hadi jicho lizoee. Aanze na mboga na protini, wali umalizie; kwa watu wengi mpangilio huo peke yake hupunguza mpando wa sukari. Baada ya kula atembee dakika 10 hadi 15.

Wali uliopoa kwenye jokofu hupandisha sukari kidogo kuliko wa moto, lakini tofauti ni ndogo, haimruhusu kuongeza. Na usiuache mezani upoe usiku kucha: kuna bakteria ambao mbegu zao huvumilia kupikwa.

SWALI: Siku za mapumziko navua samaki kuanzia alfajiri hadi jioni. Insulini niiweke wapi?

JIBU: Kalamu ya insulini unayoitumia huvumilia kuwa nje ya jokofu kama wiki nne, mradi joto lisipite nyuzi 30 (aina nyingine kikomo ni 25, soma karatasi yake). Ndani ya gari lililofungwa juani joto hupita hapo haraka. Ifunge kwenye taulo kavu, uiweke kwenye kisanduku chenye barafu, isigusane na barafu yenyewe. Insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Stripu ziende nawe ndani ya kopo lao lililofungwa, kivulini. Beba pia chupa ya maji na sabuni ya kunawia kabla ya kupima, kwani mikono iliyoshika chambo na ndoano si ya kuchoma kidole.