Bakari: jina hili limetoka wapi?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mke wangu amejifungua mtoto wa kiume, nasi tumekusudia kumpa jina la babu yake, Bakari. Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam amesoma kwenye intaneti kwamba Bakari ni neno la Kiswahili lenye maana ya "ahadi njema", ilhali wazee wetu wanasema ni jina la Kiislamu. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Nachingwea, Lindi

JIBU: Marahaba, na hongereni sana. Wazee wako sahihi. Hiyo "ahadi njema" imeenezwa na vitabu vya majina vya Marekani, ambako watu wenye asili ya Afrika wamelipenda jina hili, lakini Kiswahili hakina neno la namna hiyo.

Bakari ni ufupisho wa Abubakari, sahaba wa Mtume Muhammad na khalifa wa kwanza, aliyewaongoza Waislamu tangu mwaka 632 hadi alipofariki mwaka 634. Jina lake hasa linatajwa kuwa Abdallah; Abubakari lilikuwa jina la heshima la Kiarabu linaloanza na "Abu", yaani baba wa, kama sisi tunavyomwita mtu Baba Fulani, ingawa miongoni mwa wanawe waliotajwa hakuna aliyeitwa Bakri. Neno lenyewe, bakr, ni ngamia dume mchanga. Msicheke: anayempa mwanawe jina hili humkumbuka sahaba au, kama ninyi, humkumbuka babu, na bila shaka bibi yake atamwita kichanga huyo "mume wangu" tangu siku ya kwanza.

Waswahili waliongeza irabu mwishoni, kama walivyofanya kwa Hamisi, na huko Senegal na Mali watu husema Boubacar. Kwetu kusini, ambako kijana wa Kiyao au wa Kimakonde alitoka jandoni na jina jipya, Uislamu ulipoenea majina ya aina hii yalipata njia nyingine ya kuingia katika koo za bara, zilizo mbali na miji ya pwani ya Kilwa na Mikindani.

Amueni mapema kama mtaandika Bakari au Abubakari. Mtaani ni mtu yuleyule, lakini ofisini kila herufi huangaliwa, na mwenye Abubakari kwenye cheti cha kuzaliwa na Bakari kwenye cheti cha kidato cha nne huishia kwa wakili, akila kiapo kwamba majina yote mawili ni yake.