Upasuaji wa kuondoa ngozi ya tumbo: usiufanye kabla ya kumaliza kuzaa

Dada yangu, umeuliza kama ufanyiwe sasa upasuaji wa kuondoa ngozi inayoning'inia tumboni, ilhali unatarajia kuzaa tena na uzito wako bado unapungua. Ningekushauri usubiri, kwa sababu mimba nyingine huweza kuitanua upya ngozi na misuli ambayo daktari ameikaza, na anayeendelea kupungua baada ya upasuaji huenda akabaki na ngozi nyingine iliyolegea. Madaktari wengi hutaka uzito uwe umetulia kwa takribani miezi 6. Mazoezi yataimarisha misuli, lakini ngozi iliyokwisha kulegea sana hayairudishi.

Fahamu pia kwamba huu si upasuaji mdogo, hata kama matangazo ya mitandaoni huuonyesha hivyo: kwa kawaida mgonjwa hupewa nusukaputi, hukatwa chini ya kitovu kutoka nyonga hadi nyonga, na kovu hilo halifutiki. Damu kuganda miguuni na kupanda hadi mapafuni ndiyo hatari ninayoiogopa zaidi, kwa hiyo mweleze daktari kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, na kama unavuta sigara, uache wiki kadhaa kabla. Kwa wiki 6 hivi hutaruhusiwa kubeba kitu kizito, hata mwanao, basi tafuta mapema mtu wa kukusaidia nyumbani.