Kwa mdogo wangu wa Lamu anayetaka kuchana bila lebo

Mwezi huu nimetumiwa nyimbo saba za kuchana, yaani rap, kwenye WhatsApp, zote za vijana wa huku kwetu: Langoni, Mkomani, Matondoni, na mmoja wa Mokowe. Kila mmoja amemalizia kwa swali lilelile: "Kaka, na mimi nitatokaje?" Nimezisikiliza zote, nyengine mara tatu, usiku nyumba ikishatulia. Sauti mnazo, na hamu ya kusikika mnayo. Lakini katika nyimbo tano nilimsikia mtu wa Nairobi: namna anavyovuta maneno, mitaa anayoitaja, hata magari anayojisifia. Jambo hilo limenikaa moyoni, nikaona ujumbe wa sauti wa dakika mbili hautatosha kujibu.

Mimi sijasaini na lebo yoyote, yaani kampuni ya muziki. Nina nyimbo 23, zote mali yangu isipokuwa moja, na hiyo moja nitaieleza. Tangu 2022 muziki ndio unaonilipia kodi ya nyumba. Ninachowaambia ni kile nilichokipitia mwenyewe.

Nilizaliwa Langoni mwaka 1998. Baba alikuwa akivusha abiria kwa boti kati ya Lamu na Mokowe, na nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na tendi, yale mashairi marefu, nzima nzima kichwani. Akipeta mchele husoma, akishona kofia husoma. Sikujua kwamba ananifundisha. Nikikosea kurudia beti, hakuniambia nimesahau neno, aliniambia "hapo umekatika", kwa sababu alikuwa akisikiliza mizani, yaani hesabu ya silabi, kabla ya maana.

Julai 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, serikali ilipiga marufuku watu wa Lamu kutoka nje usiku. Mji uliozoea baraza mpaka usiku mwingi ukawa unafunga milango jua likitua. Arusi zikahamia mchana. Nilikuwa na miaka 16, nimefungiwa ndani na simu ya binamu yangu yenye nyimbo za Kalamashaka wa Dandora na Ukoo Flani wa Mombasa. Sikuwa na cha kufanya ila kusikiliza na kuandika. Miezi ile ya kukaa ndani ndiyo iliyonifanya rapa, na pale ndipo nilipogundua kitu ambacho hakuna prodyuza aliyewahi kunifundisha.

Hesabu nami. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Biti nyingi za kuchania huenda kwa mapigo manne, na kila pigo ukiligawa mara nne unapata nafasi 16. Yaani mshororo mmoja wa shairi unaingia kwenye duru moja ya biti bila kubaki wala kupungua. Na beti nne za mishororo minne zinakupa mistari 16, ambayo ndiyo vesi ya kawaida ya rap. Nilipoiona hesabu hii nilimwamsha mdogo wangu usingizini nimwonyeshe.

Lakini kuingia si kutosha. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiiangusha silabi ya mwisho kabisa kwenye pigo, neno linasikika limevunjwa, kama linasemwa na mgeni. Chukua mstari wangu huu: "Sina sauti ya deni, langu neno ni amana." Ukianza sawa na pigo la kwanza, mkazo wa "deni" na wa "amana" unaanguka hewani. Ukichelewa nusu ya pigo, "de" inakaa juu ya pigo la tatu, na "ma" ya "amana" inatua juu ya pigo la kwanza la duru inayofuata. Jaribuni kwa kugonga meza, mtasikia tofauti. Kisha mtagundua kuwa pumzi imewaishia, kwa sababu mizani 16 mfululizo hazikuachii pa kuvuta hewa. Basi mstari wa pili upunguze uwe na 12 au 13. Nyanya akiita hivyo kukatika, mimi nikaita kupumua.

Jambo jengine katika uandishi ni vina. Maneno yetu huishia kwa irabu, kwa hiyo kina cha irabu peke yake hakina kazi yoyote. "Mama" na "baba" si ustadi. Tafuta silabi mbili, ikiwezekana tatu. Na hapa Kiamu chako, lahaja yetu ya Lamu, ni hazina. Anayesema "njia" ana vina vyake. Wewe unayesema "ndia" una "bandia", una "pandia", una "tandia", na hakuna wa bara aliyevitumia kabla yako. Kuna aliyeniandikia kwamba anaficha lafudhi yake ili aeleweke. Mdogo wangu, wimbo wangu uliosikilizwa zaidi una "yeo" (leo) na "ndoo" (njoo) na "mato" (macho) kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na watu wa Kisumu huniuliza maana yake kwenye maoni. Mtu akiuliza maana ya neno lako, ameshausikiliza wimbo zaidi ya mara moja.

Studio yangu ya kwanza ilikuwa Malindi, chumba cha kulala kilichozungushiwa magodoro. Nilivuka mpaka Mokowe alfajiri, nikapanda basi, tukangojea msafara wa polisi kama ilivyokuwa kawaida ya barabara ile. Nililipa shilingi 3,500 kwa saa mbili, na zaidi ya saa moja nikaitumia kubadilisha maneno ambayo ningeyabadilisha bure nyumbani. Usiende studio na wimbo ambao hujauimba mara hamsini kwa simu yako. Zaidi ya hapo sina la kusema kuhusu vifaa. Maiki ya bei nafuu ndani ya kabati la nguo imetoa nyimbo nzuri.

Sasa huo wimbo mmoja usio mali yangu.

Mwaka 2019 studio moja ilinirekodia bure. Nilifurahi kupita kiasi. Mtu mzima, mwenye vyombo vya kisasa, ameniona nina kipaji! Hatukuandikiana chochote. Wimbo ukapendwa kuliko nilivyotarajia: ukapigwa kwenye maboti, kwenye arusi, kwenye tuktuk za Malindi. Miezi mitano baadaye binamu yangu akanionyesha kwenye mtandao wa kuuzia muziki. Jina langu lilikuwa limeandikwa kama msanii aliyeshirikishwa. Akaunti haikuwa yangu, na pesa hazikuwa zikija kwangu. Nilipouliza, mwenye studio aliniambia aliyelipia umeme ndiye mwenye rekodi.

Nililia, sioni haya kusema. Baadaye nilipoisoma Sheria ya Hakimiliki ya 2001 nilielewa kwa nini alikuwa na uhakika vile. Kwa Kenya, maneno na sauti ya wimbo ni vya mtungaji, lakini mwenye rekodi ni yule aliyefanya mipango ya kurekodiwa kwake. Mimi nilikuwa nimekuja na daftari tu. Maneno yalibaki yangu, na niliweza kuyaimba upya kwenye biti nyengine, lakini rekodi ile ambayo watu waliipenda niliiacha kwake. Nilikaa miezi minne bila kuandika mstari.

Kwa hiyo sirekodi bure tena, hata kwa rafiki. Hulipa, hata kidogo, kwa M-Pesa ili kuwe na ujumbe wa malipo, na hapohapo humwandikia prodyuza kwenye WhatsApp: haya ni malipo ya kurekodi wimbo fulani, na masta, yaani rekodi iliyokamilika, ni yangu. Namngoja ajibu kwamba amekubali. Kisha kabla hatujanyanyuka tunajaza karatasi ya mgao: nani ametunga, nani ametengeneza biti, nani ameimba kiitikio, kila mmoja asilimia ngapi, na sahihi. Vijana huona aibu hapa. Wanasema sisi ni ndugu. Mimi nasema undugu ndio wa kulindwa kwa karatasi, kwa sababu ugomvi wa shilingi 2,000 nimeuona ukivunja kundi la watu waliokwenda madrasa pamoja.

Na usitoke bila mafaili: masta kamili, sauti yako peke yake, biti peke yake. Biti ya kupakua nayo ina masharti, hata ikiandikwa ni ya bure. Uliza kama umekodishwa au umeuziwa moja kwa moja. Ukikodishwa, kuna wengine kumi wenye biti hiyohiyo, na mara nyingi kuna kikomo cha mara itakazochezwa.

Haki yako ya mtungaji huanza pale wimbo unapoandikwa au kurekodiwa, hata kama hujausajili, na hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Lakini usajili na KECOBO, bodi ya hakimiliki, hukupa ushahidi wa kushika mkononi, na hufanywa mtandaoni bila kusafiri. Kuhusu mashirika yanayokusanya mirabaha, yaani malipo ya kutumiwa kwa nyimbo, leseni zao hutolewa na KECOBO hiyohiyo na hubadilika, kwa hiyo hakikisha shirika lina leseni ya mwaka huu kabla ya kulipa ada ya uanachama.

Pesa zenyewe, wacha niwaambie bila kuwapamba. Spotify tangu 2024 haiulipi wimbo ambao haujachezwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. YouTube, kwa video ndefu, inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka kabla ya kukugawia mapato kamili ya matangazo. Mimi ilinichukua zaidi ya miaka miwili kufika huko. Miito ya simu, ule wimbo anaousikia anayekupigia, ndiyo iliyonilipa mapema zaidi, na marekebisho ya sheria ya 2022 yanampa mwenye haki asilimia 52 au zaidi ya mapato ya miito hiyo. Ndiyo maana nawasihi kila siku: akaunti ya miito iwe kwa jina lenu, si la "meneja" mliyekutana naye wiki jana.

Wasikilizaji wangu wa kwanza nao sikuwapata mtandaoni. Niliwapata gatini. Nilikuwa nikifanya kazi ya boti ya baba, nikawa naweka nyimbo kwenye kadi za kumbukumbu za simu na kuwapa manahodha wenzangu. Kuvuka kwenda Mokowe abiria hana pa kukimbilia, atasikiliza. Nikitazama nyuso zao. Mahali wanapoanza kuongea wao kwa wao, hapo mstari wangu ulikuwa dhaifu, na nikirudi nyumbani naufuta. Nikienda Malindi naenda kwa madereva wa tuktuk kwanza, redio baadaye. Dereva akikupenda anakuchezea kutwa nzima, Maweni mpaka Shella, na redio yenyewe ikasikia kupitia kwake.

Kilichonipandisha kweli kilikuwa zumari. Mwaka 2021 nilimwomba mzee mmoja anayepuliza kwenye kirumbizi, ngoma yetu ya fimbo, aje tumrekodi. Alikaa na prodyuza kijana wa miaka 20, hawakuelewana neno kwa nusu saa, kisha mzee akapuliza mara moja tu na chumba kizima kikanyamaza. Nilimwandikia asilimia 20 kwenye karatasi ya mgao, na kila pesa ikiingia anatumiwa ya kwake. Wimbo ule ndio ulionipeleka jukwaani Mombasa, na mwaka uliofuata nikasimama Mkunguni, mbele ya ngome, mji wangu wote ukinitazama. Walikuwepo watu waliowahi kumwambia baba kwamba mwanawe amepotea.

Hilo la wazazi mmeniuliza karibu nyote. Mji wetu ni wa dini na wa heshima, na si haki kuwatukana wazee kwa sababu wanaogopa. Mimi nilimsomea mama maneno kabla ya kurekodi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Neno la barazani likikuponyoka, utaomba radhi kesho. Hili likikuponyoka utamwomba nani?" Mpaka leo ndiye anayesikiliza kwanza, na kuna mistari miwili mizuri sana niliyoitoa kwa ajili yake. Ramadhani sitoi wimbo wala sipandi jukwaani. Sijawahi kupoteza msikilizaji kwa hilo.

Na kazi msiiache mapema. Mimi hupanga mwaka kwa pepo. Kaskazi, wageni wakiwa wengi na bahari imelala, nafanya kazi ya boti na maonyesho ya hotelini, naweka akiba. Kusi likianza na mvua za masika, boti zikipungua, ndipo naingia studio. Aliyeacha kazi Desemba ili arekodi ameacha pesa ya mwaka mzima.

Wale saba nitawajibu mmoja mmoja. Wa Matondoni, ule wimbo wa baba yako na jahazi, usiiguse vesi ya pili, iko sawa. Ya kwanza andika upya. Wengine, baada ya alasiri mimi huwa gatini, upande wa boti za Mokowe. Njooni na madaftari, biti ziacheni nyumbani, na tutagonga ubao wa mashua tuhesabu mizani.