Kenya Wakizimikiwa, Mayai Yangu Yatapona?

SWALI: Shikamoo mzee. Natotolesha vifaranga hapa Majengo, Moshi. Wiki iliyopita umeme ulikatika saa sita usiku, mayai yakiwa siku ya 18, nikapoteza trei mbili. Jirani anasema ni kwa sababu siku hizi tumeunganishwa na Kenya: wao wakianguka, nasi chini. Ni kweli?
Mama Vifaranga

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Trei mbili zinauma.

Nikuulize kwanza: usiku ule, ng'ambo ya barabara taa zilikuwa zinawaka? Kama zilikuwa zinawaka, yaelekea Kenya haihusiki. Gridi, yaani mtandao mzima wa umeme wa taifa, ikianguka haichagui mtaa. Nimepanda nguzo miaka 31 kabla ya kustaafu, na mara nyingi tulichokikuta ni tawi la mgravilea lililolowa, limelala juu ya waya, nusu limeshaungua.

Lakini jirani yako hajatunga. Laini ya kilovolti 400 inatoka Singida, inapita Arusha na Namanga hadi Isinya, Kenya, na tangu Desemba 2024 inapitisha umeme. Mitambo ya mvuke ya Olkaria, Kenya, na ile ya maji ya Rufiji, kwetu, sasa inakwenda kwa mapigo mamoja ya umeme, hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde. Upande mmoja ukipoteza mtambo mkubwa ghafla, mapigo hushuka kwa wote, na laini ya mpakani hubebeshwa umeme mwingi ghafla kuziba pengo. Hapo vifaa vya kinga vinatakiwa viikate laini hiyo kwa wakati, isizidiwe. Italia, tarehe 28 Septemba 2003, mambo yaliharibika hivi: laini moja ya umeme wa kwenda Italia iligusa mti huko Uswisi, zilizobaki zikazidiwa moja baada ya nyingine, karibu nchi nzima ikalala gizani.

Hata hivyo mimi nataka tuunganishwe, tena sana. Hispania ilipozimika Aprili 28, 2025, umeme wa Ufaransa na Morocco ndio uliosaidia kuiwasha upya. Na sisi wa kaskazini tuko mbali na Rufiji. Umeme unafika huku umechoka. Jirani wa karibu anatufaa.

Kwa mayai: umeme ukikatika usifungue mlango wa mashine. Ifunike blanketi, matundu ya hewa yabaki wazi, maana vifaranga wa siku ya 18 wanapumua na wana joto lao. Kisha toka nje utazame taa za ng'ambo. Ukipiga simu ya dharura, waambie ulichokiona na utaje transfoma iliyo karibu nawe.