Mi nauliza kwanza alikuwa anakula wapi

Wiki hii mmeuliza, ukimsikiliza mfanyabiashara akihojiwa kwenye podikasti unatoka na kitu gani cha kufanyia kazi. Mi nasikiliza za India, tena sana, maana nilisoma biashara Pune miaka mitatu na pale hosteli kila mtu alikuwa na waya masikioni anamsikiliza mtu anaelezea alivyoanzia sifuri. Kitu ninachotafuta ni kimoja tu: ile miaka kabla ya hela kuja huyu mtu alikuwa anakula wapi, na kodi ya chumba analipa nani.

Nje ya hosteli kulikuwa na mzee wa chai, jiko moja la gesi, sufuria imeshaungua nyeusi, tangawizi anaiponda na jiwe palepale, na pembeni kaweka kile kiboksi cha Paytm, kampuni ya kulipa kwa simu. Unapiga picha ule mchoro wa QR na simu yako, mara kiboksi kinatangaza kwa Kihindi rupia 10 zimepokelewa, mzee wala hageuki anaendelea kumimina. Nilikipenda mno kile kiboksi ndo nikaanza kumfuatilia mwenye Paytm, Vijay Shekhar Sharma. Ametokea Aligarh, shule kasoma kwa Kihindi, kufika chuo cha uhandisi Delhi masomo yote Kiingereza, akawa haelewi mwalimu anasema nini. Jamani mimi niliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili nikaingia form one sekondari ya kata, hapo nilisimamisha nikarudia kusikiliza, manake najua ile kukaa nyuma ukiomba usiulizwe swali. Afu akaanzisha kampuni mwaka 2000, ile iliyokuja kuzaa Paytm, hela ikakata, akakopa kwa riba ya asilimia 24, huku anaishi kwa vibarua vya kufunga mitandao ya kompyuta. Kitu kilichokuja kumbeba zaidi kilitokea Novemba 2016, serikali ilipofuta noti za rupia 500 na 1,000 usiku mmoja na watu wakakimbilia kulipa kwa simu. Bila vile vibarua asingefika hiyo siku.

Ndo mana Nikhil Kamath, mfanyabiashara anayehoji wenzake kwenye podikasti, namuona anauliza vizuri kuliko wengi. Yeye shule aliiacha, akiwa na miaka 17 alikuwa anapokea simu za wateja kwenye kol senta, kabla hajaanzisha Zerodha na kaka yake Nithin mwaka 2010 pale Bengaluru, udalali wa hisa ambao hawajachukua hela ya mwekezaji wa nje. Sasa kwenye podikasti yake anawakusanya watu wa biashara moja, labda wenye migahawa, wanachambua gharama zinaenda wapi na faida inabaki kiasi gani, na hapo mtu una cha kuandika kwenye daftari. Januari 2025 alimhoji hadi Modi, waziri mkuu wa India, ila mi hizo za wakubwa sikai nazo sana.

Kuna huyu mama Falguni Nayar mwenye Nykaa, ile ya vipodozi. Kaajiriwa benki ya Kotak Mahindra karibu miaka 20, ameanza biashara yake 2012 anakaribia kutimiza 50! Vipande vifupi vinavyozunguka kwenye simu vinakata hiyo miaka 20 yote, unabaki na mama aliyeacha kazi akatajirika.

Mdogo wangu alisikia vipande kama hivyo akaacha kazi ya stoo Morogoro bila akiba ya hata mwezi mmoja, mwezi wa nne akawa anaazima nauli, na hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya kodi. Mwaka huu karudi kuajiriwa, viungo anafungasha usiku na kuuza jumapili, na mahojiano tunasikiliza wote, yale marefu ya masaa mawili, kila mgeni akifika kwenye "nikaacha kazi" dogo anasimamisha ananiuliza, dada, hapo alikuwa na shilingi ngapi?